Maana ya Juu na Maana ya Chini: Historia ya Maandishi Yaliyofichwa Mbele ya Sheria

Kamati iliponiomba makala ya historia, huenda ilitazamia habari za majengo ya shule na wakuu wake mmoja baada ya mwingine. Habari hizo wapo wanaozijua kuliko mimi. Nimeona afadhali niandike juu ya jambo lililonianzia bwenini, nalo halijaniacha hata sasa, baada ya miaka mingi ya kushika majalada ya Serikali yenye mhuri wa siri. Ni habari ya maandishi yaliyofichwa, na ya mtu anayesimama mbele ya wakubwa wake akisema, "Sina zaidi ya hayo."

Daftari la maandazi

Wenzangu wa bweni watakumbuka. Tulikuwa kidato cha tatu, na manung'uniko yalikuwa mengi juu ya maharage yenye wadudu. Jioni moja kikaratasi kilipita kitanda hadi kitanda kikiwa na maneno haya: "Momgo shoke hiasubu." Aliyejua kinyume alisoma mara moja: mgomo kesho asubuhi. Kinyume, kwa faida ya wadogo zetu wasiokijua, ni mchezo wa zamani wa watoto wa pwani. Silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele, nyumba ikawa mbanyu na chakula kikawa lachaku.

Kikaratasi kiliokotwa na mwalimu wa zamu. Usiku ule ule matranka yetu yakapekuliwa. Hakikuonekana kitu ila daftari dogo la mwenzetu mmoja, limejaa tarakimu tupu: 12–3, 27–5, 31–2, ukurasa baada ya ukurasa. Alipoulizwa hakusita. Alikuwa akikopesha maandazi kwa siri, jambo lililokatazwa. Tarakimu ya kwanza ilikuwa namba ya kitanda, na ya pili idadi ya maandazi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Hiyo ni maana ya juu. Sisi tunataka maana ya chini."

Maana ya chini haikuwako. Lakini atawezaje mtu kuonyesha kitu kisichokuwako? Kadiri alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuonekana mjanja. Mgomo haukufanyika, ila yeye alisimamishwa masomo kwa majuma matatu. Mimi nilikuwa kitanda namba 27, na yale maandazi matano niliyala mimi. Kikaratasi cha kinyume pia nilikiandika mimi. Nilinyamaza.

Tangu hapo nimesoma habari nyingi za mafumbo na mashauri yake, nikitafuta jibu la swali lile la bwenini. Nawaletea machache niliyoyapata.

Malkia na pipa la bia

Shauri mashuhuri la namna hii lilikuwa Uingereza, mwaka 1586. Mary Stuart, aliyekuwa Malkia wa Scotland, alikimbilia Uingereza mwaka 1568 akitafuta hifadhi kwa jamaa yake, Malkia Elizabeth I. Badala ya hifadhi aliwekwa kizuizini karibu miaka 19. Mwanzoni mwa 1586, alipokuwa amefungiwa katika nyumba ya Chartley, ilipatikana njia ya kumpelekea barua. Zilitiwa katika mfuko usiopenya maji, mfuko ukafichwa kwenye kizibo cha pipa la bia, na pipa likaingizwa ndani kama kawaida ya kila juma.

Barua zenyewe hazikuandikwa kwa herufi za kawaida. Fumbo alilolitumia na kijana Anthony Babington lilikuwa na alama 23 za herufi, na nyingine zaidi ya 30 zilizosimama badala ya maneno mazima. Zaidi ya hizo palikuwa na alama 4 zisizo na maana yoyote, zilizotiwa makusudi ili kumpoteza msomaji asiyehusika. Mary aliona amelindwa mara mbili: pipa limeficha barua, na fumbo limeficha maneno.

Kumbe njia yenyewe ilikuwa mtego. Mchukuzi wa barua, Gilbert Gifford, alikuwa ndumilakuwili aliyemtumikia Sir Francis Walsingham, waziri wa Elizabeth aliyekuwa mkuu wa wapelelezi. Kila barua ilifunguliwa, ikanakiliwa, ikafungwa tena kwa ustadi na kupelekwa ilikokuwa ikienda. Thomas Phelippes, fundi wa mafumbo, aliyafumbua. Tarehe 17 Julai 1586 Mary alimjibu Babington kuhusu mpango wa kumwokoa yeye na kumwua Elizabeth. Phelippes aliponakili jibu hilo alichora alama ya kitanzi juu ya nakala yake. Kisha akafanya jambo jingine. Kwa fumbo lile lile la Mary, aliongeza maneno mwishoni mwa barua, yakimtaka Babington ataje majina ya waungwana 6 waliokuwa tayari kuua.

Hapa yafaa tutulie kidogo. Mtu hulitumia fumbo ili asiyekuwa na ufunguo asijue kilichoandikwa. Lakini yule aliyeupata ufunguo kwa siri aweza vile vile kuandika, na maneno yake yakaonekana kuwa ya mwenye fumbo. Mwandiko wa mkono una sura ya mwenyewe. Alama za fumbo hazina.

Babington na wenzake waliuawa mwezi Septemba. Mwezi Oktoba Mary alishtakiwa katika ngome ya Fotheringhay. Hakupewa wakili wala hakuruhusiwa kuwa na makaratasi yake. Alikana kwamba aliandika barua ile. Alidai aonyeshwe iliyo ya asili, yenye mwandiko wake, akasema kuwa nakala yoyote ya fumbo yaweza kughushiwa na yeyote anayelijua. Barua ya asili haikuwako, kwa kuwa Babington alikuwa ameiharibu. Mahakama ilikuwa na nakala tu, pamoja na maungamo ya makatibu wake wawili, Claude Nau na Gilbert Curle, waliokiri kuwa barua iliandikwa kwa amri yake. Makatibu hao hawakuletwa mbele yake ili awahoji. Alikatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587.

Wanahistoria wengi wanakubali kuwa barua ile kweli ilikuwa yake, isipokuwa ile nyongeza. Basi tunaweza kusema kuwa alikana jambo la kweli, na papo hapo tukasema kuwa hakutendewa haki. Hayo mawili hayapingani. Hoja yake kwamba nakala ya fumbo si ushahidi wa kutosha ilikuwa hoja nzuri hata kama yeye mwenyewe alikuwa na hatia, kwa maana siku nyingine ingeweza kuwa kinga ya asiye na hatia.

Siri nyingine za Mary ziliishi zaidi ya miaka 400. Mwaka 2023 wataalamu watatu walitangaza kuwa wamefumbua barua zake 57 za miaka ya 1578 hadi 1584, zilizokuwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris. Katika orodha ya maktaba zilikuwa zimeandikwa kuwa ni mambo ya Italia. Sisi watunza majalada tunajua kuwa hakuna maficho yashindayo jalada lililowekwa chini ya kichwa kisicho chake.

Disketi za Durban

Tuiache Ulaya ya zamani, tuje kusini mwa bara letu, katika vita ambayo wazee wetu waliichangia kwa kuwapokea wapigania uhuru, pamoja na kuwapa ardhi ya shule yao huko Mazimbu, Morogoro. Katika miaka ya 1980 viongozi wa ANC walikuwa Lusaka, na wapiganaji wao walikuwa ndani ya Afrika Kusini, na kati yao palikuwa na ukimya wa hatari. Barua ilichukua majuma kufika, na mchukuzi angeweza kukamatwa.

Dawa ilitengenezwa London na Tim Jenkin, yule aliyetoroka gereza la Pretoria mwaka 1979 kwa funguo za mbao alizozichonga mwenyewe. Katika mpango ulioitwa Operesheni Vula, ujumbe ulifumbwa kwa kompyuta ndogo, ukageuzwa kuwa mlio, mlio ukarekodiwa katika kanda na kupigwa kwa simu hata ya barabarani. Huko ulikopokelewa uligeuzwa kuwa maandishi tena. Funguo za fumbo zilikuwa katika disketi, na kila kipande cha ufunguo kilitumika mara moja tu. Mac Maharaj na Siphiwe Nyanda waliingia Afrika Kusini kwa siri mwaka 1988, wakaanza kuzungumza na Lusaka kupitia London karibu kila siku. Nelson Mandela naye, akiwa bado kifungoni katika gereza la Victor Verster, alipata kuwasiliana na Oliver Tambo kwa njia hiyo.

Fumbo lile polisi wa makaburu hawakulivunja. Lakini mwezi Julai 1990 walikamata watu na nyumba huko Durban, wakazikuta disketi pamoja na maandishi yaliyokwisha kufumbuliwa na kuwekwa hivyo hivyo. Kazi ilikuwa nyingi, watu walichoka, na kanuni ya kufuta kila kitu baada ya kukisoma haikushikwa daima.

Miongoni mwa maandishi hayo palikuwa na kumbukumbu za mkutano uliofanyika Tongaat mwezi Mei 1990, zikimtaja mtu aitwaye Joe. Serikali ya makaburu ikashikilia kuwa huyo ni Joe Slovo, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, na ikataka aondolewe katika mazungumzo yaliyokuwa yameanza kati yake na ANC. Slovo alitoa pasipoti yake kuonyesha kuwa wakati wa mkutano ule hakuwamo nchini. Joe lilikuwa jina la siri la mtu mwingine. Jina lililowekwa ili kumficha mmoja karibu limponze mwenzake. Nahau ya Kiswahili ya kuponzwa na jina nimeisikia mara nyingi, lakini sijaona mfano wake ulio wazi kuliko huo.

Sanduku ndani ya sanduku

Mpaka hapo tumeona siri ambazo mwenye kupekua anajua kuwa zipo. Anaziona disketi, anaziona alama za ajabu, anadai ufunguo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kompyuta walijiuliza: je, akitumia nguvu? Mwaka 1997 wasomi wanne, Canetti, Dwork, Naor na Ostrovsky, walitoa makala juu ya fumbo linaloweza kukanwa. Mwaka huo huo Julian Assange wa Australia na wenzake walianza kutengeneza programu waliyoiita Rubberhose, yaani mpira wa kupigia watu. Walikusudia kuwasaidia watetezi wa haki za binadamu waliobeba majina ya mashahidi katika nchi za mateso. Mwaka 2004 ikatoka TrueCrypt, iliyoenea duniani pote hadi watengenezaji wake walipoiacha mwaka 2014.

Nitaeleza namna inavyofanya kazi, maana si uchawi. Chukua tranka, ulijaze mchanga mpaka pomoni. Katikati ya mchanga zika kisanduku, nacho kimepakwa mchanga ule ule hata kisitambulikane. Katika kompyuta, mchanga ni tarakimu zilizotawanywa ovyo, na maandishi yaliyofumbwa vizuri hayatofautiani nazo kwa sura. Mwenye tranka ana maneno ya siri mawili. La kwanza hufungua tranka na kuonyesha vitu vya kawaida, mathalani barua za nyumbani na hesabu za duka. La pili hufungua kile kisanduku. Akishikwa, hutoa neno la kwanza na kusema, "Hayo ndiyo yote." Mpekuzi huona vitu vichache na mchanga mwingi. Wala hana njia ya kuthibitisha, kwa kuutazama mchanga peke yake, kwamba kuna kitu ndani yake.

Hiyo ndiyo maana ya juu na maana ya chini ya mwalimu wetu wa zamu, iliyotiwa katika mashine.

Maficho hayo nayo yana tundu. Mwaka 2008 Bruce Schneier na watafiti wenzake walionyesha kuwa kisanduku chaweza kunyamaza, lakini kompyuta yenyewe hupayuka. Programu ya kuandikia huweka nakala ya tahadhari mahali pengine, na orodha ya majalada yaliyofunguliwa karibuni hubaki na jina la jalada ambalo mwenyewe amekana kuwa nalo. Ni ugonjwa ule ule wa Durban: kufuli ni imara, ila nyayo zimebaki mlangoni.

Jambo kubwa zaidi ni hili. Kisanduku hiki kimemnyima mpekuzi uthibitisho, lakini kimemnyima pia mpekuliwa. Yule mwenye tranka la mchanga mtupu, asiye na neno la pili maishani mwake, atathibitishaje kuwa hana? Akitoa neno moja ataambiwa atoe la pili. Akiwa nalo na kulitoa, ataambiwa atoe la tatu. Mikononi mwa watesaji hakuna jibu litakalowafanya waache. Chombo kilichobuniwa kumlinda shahidi chaweza kumwangamiza mtu aliyekuwa akihifadhi picha za harusi tu.

Nani athibitishe?

Ushahidi ukishindwa pande zote mbili, kinachobaki ni kanuni ya sheria: nani ana jukumu la kuthibitisha? Nchi zimejibu kwa njia mbalimbali.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 2000, na sehemu yake ya kudai funguo ikaanza kutumika Oktoba 2007. Mtu akiamriwa kwa mujibu wa sheria kutoa ufunguo na akakataa, aweza kufungwa hadi miaka 2, au miaka 5 katika mambo ya usalama wa taifa na ya uchafu dhidi ya watoto. Hata hivyo Bunge lao liliweka kinga. Mshtakiwa akileta ushahidi wa kutosha kuzua hoja kwamba ufunguo huo hana, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha pasipo shaka kwamba anao.

Marekani, Katiba inakataza kumlazimisha mtu ajishuhudie mwenyewe, lakini mahakama zao hazikusema neno moja. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani iliyoko Atlanta ilimkubalia mtu aliyekataa kufungua diski zake zilizofungwa kwa TrueCrypt. Mtaalamu wa serikali mwenyewe alikiri kuwa nafasi tupu nayo huonekana kama tarakimu ovyo, kwa hiyo hakuweza kusema kwa yakini kama kulikuwa na kitu ndani. Mahakama ikaona kuwa serikali haikuonyesha kwamba inajua kuna jalada lolote. Lakini huko Pennsylvania mtu mwingine, aliyesema kuwa amesahau maneno ya siri, alikaa mahabusu tangu 2015 hadi 2020 kwa kudharau amri ya mahakama. Aliachiliwa pale Mahakama ya Rufani iliposema kuwa sheria haikuruhusu kumweka zaidi ya miezi 18.

Msinielewe vibaya. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na najua kuwa wanaoficha si mashujaa wote. Wamo wezi wa mali ya umma na wamo wanaodhulumu watoto. Mpelelezi anayetafuta ushahidi wa maovu hayo anafanya kazi ya haki, na mara nyingi huupata kwa njia zile zile za zamani, yaani shahidi aliyeona, karatasi iliyosahauliwa, au nyayo zilizobaki.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imewapa polisi madaraka ya kupekua na kuchukua kompyuta. Juu ya sheria hiyo iko Katiba. Ibara ya 13 inasema kuwa mshtakiwa asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike kuwa anayo, na ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Maneno haya tulikariri katika somo la uraia ili tushinde mtihani. Uzito wake nimeuona baadaye. Hayakuwekwa kwa ajili ya wajanja wenye maneno ya siri mawili. Yamewekwa kwa ajili ya mtu mwenye neno moja tu, ambaye amekwisha kulitoa, na bado anaulizwa.

Kwa wadogo zetu

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Tuongeze kwamba kata isipotokea kusema, mtungi hauwezi kujitetea.

Wadogo zetu, wengi wenu mtakuwa walimu, askari, mahakimu na maofisa. Siku moja mtaletewa mtu mwenye daftari msilolielewa. Mwulizeni maana yake, mtafute ushahidi kwa bidii, mwulize na walio jirani naye. Lakini msimtake athibitishe kuwa hakuna kitu pale ambapo hakuna kitu. Kazi hiyo haiwezekani kwa binadamu.

Ama kwa mwenzetu wa daftari la maandazi, yeye alirudi baada ya majuma matatu na hakuniuliza lolote. Tulimaliza kidato cha nne pamoja, na deni la maandazi matano hakunidai. Jina lake silitaji, kwa kuwa hakunipa ruhusa. Najua hulipata jarida hili kila mwaka. Ushahidi ambao ungemwokoa usiku ule haukuwa ndani ya daftari lake. Ulikuwa kitanda namba 27, nami nilikuwa macho. Namwomba radhi mbele yenu nyote, na tutakapokutana katika mkutano wetu ujao nitakuja na deni lake.